Tabaka Tano za Nta

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa gari la wakwe. Jeusi, safi, halina hata kovu. Wenyewe wamekwenda kwa basi kumjulia hali dada yake mama mkwe, kwa kuwa daktari wa macho amemkataza baba mkwe kuendesha safari ndefu. Watarudi Jumamosi. Siku hiyo baba mkwe ataamua ni nani kati ya wakwe zake wawili atakaa na ufunguo na kuwapeleka popote wanapotaka: mimi, au Bwana Pasi.

Bwana Pasi amemwoa mdogo wa mke wangu. Jina hilo nimempa mimi, maana suruali yake haijawahi kupata kunjo. Ana miaka miwili tu katika ukoo huu na baba mkwe tayari anamwita mwanangu. Mimi nina miaka tisa na bado ni "huyu bwana". Sitaki makuu. Nataka ufunguo, na nataka niitwe mwanangu.

Baba mkwe ameniachia sharti moja: gari lioshwe kwa maji matupu, sabuni marufuku. Alilirudia mara tatu, mara ya mwisho kwa kuninong'oneza sikioni. Wazee wana mambo yao. Nilitoka getini kwao polepole, nikiikwepa ile nguzo iliyobanduka plasta. Iligongwa na lori la mchanga mwaka jana. Aliyeliona ni baba mkwe peke yake. Mama mkwe hajamsalimia dereva wa lori hilo mpaka leo.

Jumanne, 5 Machi

Ndege wamechafua boneti. Maji matupu hayakufua dafu. Sabuni marufuku, nami ni mtu wa kutii. Basi nikachukua sifongo la jikoni, ule upande mgumu wa kusugulia sufuria, nikasugua kwa kuzungusha. Uchafu wote ukatoka. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshapata moto, nikamalizia boneti nzima na milango ya kulia.

Lilipokauka ndipo nilipoona. Mikwaruzo ya duara, mamia kwa mamia, inametameta juani. Nikakaa chini palepale uani. Mke wangu akatoka, akatazama gari, akauliza ni nani aliyechukua sifongo lake.

Kisha akanishauri nimpigie baba yake simu nimweleze ukweli. Nilimfahamisha kwamba ukweli una wakati wake, na wakati wake ni baada ya Jumamosi.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa muuza rangi za magari. Kaniuzia makopo mawili. La kwanza ni glezi, mafuta mazito meupe. Hayaondoi mkwaruzo, yanaujaza tu usionekane. La pili ni nta, inayopakwa juu ya glezi ili kuifunga isitoke. Nta iwe nyembamba, ikikauka ikawa kama ukungu unaipangusa kwa kitambaa laini. Tabaka mbili zinatosha. Kazi ifanyike kivulini. Glezi kwanza, nta baadaye. Hilo la mwisho alilisema tena nikiwa mlangoni, kana kwamba nina sura ya mtu asiyesikia.

Njiani nikalitafakari na kuliboresha. Kama nta ndiyo yenye nguvu, si ndiyo ingefaa kuwa msingi? Basi nta chini, glezi juu. Na juani, saa saba mchana, ili ikauke upesi.

Nta imegandia rangi, nyeupe na ngumu, haipanguki. Glezi ikateleza juu yake bila kushika. Kilichoshika ni vumbi la uani. Halafu paka wa jirani akapita juu ya boneti kwa mwendo wa maringo, akageuka katikati, akarudi.

Mke wangu ameuliza kama nyayo za paka nazo ni tabaka.

Alhamisi, 7 Machi

Kuanza upya. Maji matupu hayaitoi nta, kwa hiyo sharti la baba mkwe imebidi nilivunje, tena kwa faida yake mwenyewe. Ndoo mbili za maji, sabuni ya vyombo. Nta yote ikaondoka, na nyayo za paka.

Sasa jambo la ajabu. Upande wa kushoto umetoa povu jeusi lenye harufu ya dawa ya viatu. Chini yake pana mkwaruzo mrefu, kutoka taa ya mbele hadi mlango wa nyuma. Upande huo sikuusugua hata kidogo! Nimefikiri sana. Lazima ni kifungo cha mkanda wangu. Nimeuvua. Kazi ya mchana kutwa nimeifanya kwa mkono mmoja, wa pili umeshika suruali.

Lile povu nimelipuuza, ila limeniletea wazo. Dawa nyeusi ya viatu ndani ya mkwaruzo, kisha glezi, kisha nta! Mawazo kama haya sijui huwa yananijia kutoka wapi. Wengine tumejaliwa.

Nimefuata utaratibu wa muuza rangi, kivulini, kwa mkono mwepesi. Ila tabaka mbili ni za watu wasio na wasiwasi. Kesho naongeza.

Ijumaa, 8 Machi

Tabaka tano. Gari linang'aa hata nimenyolea ndevu kwenye mlango wake. Mkwaruzo hauonekani, mizunguko haionekani. Mke wangu amesema limependeza, akaongeza kwamba nisije nikajisifu. Ananifahamu vibaya.

Bwana Pasi kapita, eti kutusalimia. Kalizunguka gari mikono nyuma. Kasema linang'aa kupita kiasi. Wivu mtupu.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike haraka kabla moyo haujapoa.

Saa nne nilikuwa uani kwa wakwe, gari limeegeshwa, shati safi. Walipofika baba mkwe akalizunguka. Upande wa kushoto akakawia. Akainama, akapitisha kidole, akakinusa. Halafu akanitazama kama hajapata kunitazama kwa miaka tisa. Nikajua ni heshima.

Bwana Pasi, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema hiyo ni glezi tu, ikipata sabuni inakwenda na maji. Nikaapa mbele ya wote kwamba hakuna sabuni duniani inayoweza kuigusa kazi yangu. Baba mkwe akaingilia kwa haraka. Akasema hakuna haja ya sabuni, gari ameliona, ufunguo akae nao huyu bwana, watu waingie ndani wale.

Nilikuwa nimeshinda. Ufunguo nilikuwa nao mkononi. Ningefunga mdomo tu. Lakini Bwana Pasi alitabasamu, na mimi tabasamu lile siliwezi. Nikaenda jikoni mwenyewe nikaleta ndoo, sabuni na sifongo.

Mama mkwe akaninyang'anya sifongo. Akasema gari ni lake, kadi ina jina lake, majaribio atayafanya yeye. Baba mkwe akaomba walau aanze na upande wa kulia. Akaanza na wa kushoto.

Povu jeusi likatiririka. Mkwaruzo ukajitokeza wote. Nikafungua mdomo niungame habari ya mkanda, lakini mama mkwe hakunitazama. Alipima kwa mkono kutoka chini hadi kwenye mkwaruzo: shibiri tatu. Akaenda kwenye nguzo ya geti, akapima hadi pale palipobanduka plasta: shibiri tatu. Akarudi taratibu. Akamwuliza mumewe, kwa sauti ya upole kabisa, lile lori la mchanga lilikuwa la rangi gani.

Baba mkwe akasema hakumbuki vizuri, macho yake yalishaanza kusumbua.

Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshapata moto, mama mkwe akaosha na boneti.

Ufunguo anao Bwana Pasi. Wote waliingia kula, sisi wawili tukabaki kwenye ngazi. Baba mkwe akaniuliza kwa sauti ya chini: dawa ya viatu niliyotumia ni ya kopo au ya chupa? Nikamjibu ya kopo. Akatikisa kichwa. Akasema na yeye ya kopo, ila kazi yangu ilikuwa nyoofu kuliko yake. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Umeniweza, mwanangu."

Nililia kidogo. Nilimwambia ni sabuni.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi baba mkwe amekwenda kumwomba radhi dereva wa lori. Amri ya pili ya mama mkwe: mimi na baba mkwe tuizibe nguzo kwa saruji, plasta iwe imekamilika atakaporudi sokoni. Kapelekwa na Bwana Pasi, kwa gari langu.

Saruji hatuna, na hakuna kati yetu ajuaye kupiga plasta. Baba mkwe akanitazama. Nikamtazama. Ndani kuna unga wa ngano, kuna dawa nyeupe ya viatu vya raba, na kopo la nta limebaki nusu. Tumekanda unga, tumejaza, tumelainisha kwa kijiko, tumepaka dawa. Safari hii mpangilio tumeuzingatia tangu mwanzo, nta juu kabisa. Tabaka tano. Haionekani kabisa kwamba ni unga.

Mawingu yanajikusanya upande wa sokoni. Baba mkwe ana wasiwasi. Nimemwambia atulie: mvua ikiharibu, tutasema ni lori la mchanga.