Maji Kwenye Kipima Mvua cha Mama Anaeli

Leo aibu imenikuta mchana kweupe, mbele ya wafadhili. Nawaandikia, rafiki zangu, kutoka intaneti kafe.

Mnajua niko kwenye majaribio ya kazi. Sasa watu binafsi wameruhusiwa kuzalisha umeme, na mradi wetu unachunguza kama mvua ya Mlima Meru inatosha kuendesha mtambo mdogo, vijiji viepuke mgao. Mimi nazungukia vipima mvua. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuamua kama napewa mkataba.

Asubuhi nilijiamini. (Hata tai nilivaa.) Nilikuwa na ugunduzi! Wiki tatu hizi za vumbi vipima vyote vilikuwa vikavu, isipokuwa cha kijiji cha Maji ya Chai, uani kwa Mama Anaeli, mjane anayetutunzia kifaa hicho. Kila nikienda, nakuta maji. Nikaandika ripoti: "Mvua ya Siri Chini ya Meru". Na ramani juu!

Saa tatu tukafika: mimi, Dokta ambaye ndiye bosi wangu, na wafadhili wawili. Nikaeleza upepo unavyopanda mlima. Nikachomoa chupa ya ndani, nikaiinua. Imejaa pomoni!

Mfadhili mmoja akatazama nyasi zilizokauka. "Jana mvua ilinyesha hapa?"

"Mvua?" Mama Anaeli akashtuka. "Mvua gani, baba? Mbuzi wangu wanakula makaratasi!"

Nikaishusha chupa.

"Sasa haya maji, mama?" Dokta akauliza.

"Si nimeweka mimi! Huyu kijana anatoka mjini kila siku, anachungulia mle, mwanzoni alikuwa anakuta patupu, anaondoka kanyong'onyea. Mgeni ataondokaje kwangu hivyo? Nikawa namwekea kikombe. Leo nimesikia mnakuja wengi, nikajaza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Dokta akafungua ripoti yangu taratibu.

"Hapa umeandika chanzo ni mawingu yasiyoonekana."

"Ndiyo, Dokta." (Kwani nilidanganya? Hayakuonekana!)

Akamwaga maji. Mama Anaeli akanuna. "Mbona unamwaga? Nimeyachemsha hayo!"

Wafadhili walicheka hadi wakashika ukuta. Mkataba sikupewa. Nimeongezewa mwezi mmoja wa majaribio, na ripoti nimerudishiwa bila jalada.

Nimejifunza: mtafiti wa mvua aanze kwa kutazama kama viatu vyake vina tope. Anayecheka, tafadhali asinijibu leo.