Mablanketi Yaliyoandikwa Fizikia

Jumatatu, 11 Novemba

Mkutano wa dharura wa chama chetu cha wageni, ukumbini chini ya kliniki ya meno. Tetemeko la Ijumaa limebomoa wilaya nzima ya milimani, mwendo wa saa sita kutoka hapa. Watu wanalala kwenye mahema na baridi imeanza. Mwenyekiti wetu, daktari wa meno mwenyewe, alisema wenyeji walitupokea tulipofika na sanduku mojamoja, sasa ni zamu yetu. Lori la mablanketi litaondoka Ijumaa saa sita mchana. Niliguswa. Kweli niliguswa.

Kisha wakachagua mkuu wa stoo. Mimi natunza stoo ya vipuri mwaka wa kumi na moja, haijapotea hata nati! Wakamchagua mshonaji, yule mjane tunayemwita Mama Sindano. Mimi eti msaidizi. Na mkuu wa stoo ndiye atakayekaa mbele na dereva na kukabidhi misaada. Nilipiga makofi, lakini polepole. Mshonaji na stoo wapi na wapi? Ana lake jambo.

Nyumbani mke wangu alikunja blanketi la marehemu mama yake, la kahawia lenye ukingo mweupe, akalitia kwenye boksi. Nikamwambia lile si la kutoa. Akasema ameona kwenye televisheni mama mwenye mtoto mchanga kajifunika gunia, basi. Akafuta machozi. Mimi nikaenda kutafuta miwani yangu, ambayo nilikuwa nimeivaa.

Jumanne, 12 Novemba

Misaada inamiminika. Mtu mmoja kaleta tai kumi na moja. Labda kule mahemani kuna ofisi. Mwalimu mstaafu, jirani wa kliniki, kaomba maboksi yetu matupu akayarudisha yamejaa vitabu vya zamani vya fizikia. Maboksi kumi na tisa! Mwenyekiti akasema kwa sasa watu wanahitaji joto, vitabu vikae kwenye kona.

Mama Sindano anatia mkono ndani ya kila boksi la mablanketi, mpaka begani. Anapapasa. Anaandika kwenye kidaftari chekundu. Nilipomuuliza anaandika nini, akacheka na kuniambia nisijali, shemeji. Shemeji! Tangu lini? Mtu akianza kukuita shemeji ghafla, shika mfuko wako.

Jumatano, 13 Novemba

Nimepata dawa yake. Kazini, beringi za bei kubwa nazihifadhi ndani ya boksi lililoandikwa MISUMARI YENYE KUTU. Hakuna mwizi aliyewahi hata kulitazama.

Basi mchana nimeingia ukumbini peke yangu na kubadilisha lebo. Maboksi kumi na tisa ya mablanketi sasa yanasema FIZIKIA. Yale ya fizikia yanasema MABLANKETI. Anayetaka kuiba na aibe, atajifunika kanuni za mwendo! Ijumaa saa nne nitarudisha kila lebo mahali pake, nitamfichua mwizi mbele ya Mwenyekiti, na kiti cha mbele ni changu. Sijamwambia mke wangu. Yeye na Mama Sindano wanaazimana mikasi.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimejibanza nyuma ya kiti kibovu cha kung'olea meno, kilichotupwa ukumbini. Saa nzima. Miguu imekufa ganzi.

Mama Sindano akaja. Akashika boksi la MABLANKETI. Halikunyanyuka. Akashika kiuno. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akafungua, akaandika. Nilikuwa naruka kumkamata pale Mwenyekiti alipotokea nyuma yangu na kuniuliza nafanya nini pale. Nikashika shavu. Nikasema jino. Huruma ikamjaa: niende kesho saa tatu, atanitazama bure. Sikuwa na jinsi.

Ijumaa, 15 Novemba

Daktari kweli kapata gego bovu! Akanidunga ganzi. Koleo limo mdomoni, nikasikia honi. Saa tatu na nusu! Msaidizi wake akasema theluji itafunga barabara adhuhuri, kwa hiyo lori linawahi. Nikapiga kelele wangoje. Ikanitoka sauti ya mbuzi. Daktari akanibana paji la uso akasema vumilia, ndugu yangu. Dirishani nikamwona Mama Sindano kwenye kiti cha mbele, anapunga mkono.

Nikashuka mbio na pamba mdomoni. Ukumbini yamebaki maboksi kumi na tisa: FIZIKIA. Yaani mablanketi. Nimewapelekea watu wanaotetemeka vitabu! Nikamkumbuka yule mama na gunia lake. Nikamkumbuka marehemu mama mkwe. Nikaketi sakafuni nikalia, na si kwa ajili ya jino.

Nikajikaza. Nitakodi gari, nitayapeleka mwenyewe. Nikavuta boksi la kwanza. Likapasuka chini. Fizikia! La pili, fizikia! Nilibusu ukurasa mzima unaoeleza joto. Halafu nikasimama. Nani kagusa lebo zangu?

Jumamosi, 16 Novemba

Mama Sindano kampigia mke wangu simu. Wamefika, wamegawa. Katuma picha: mama na kichanga, ndani ya blanketi la kahawia lenye ukingo mweupe. Mke wangu kalia tena. Miwani nayo ikanipotea tena.

Kidaftari kilikuwa cha mablanketi yenye pindo zilizofumuka. Amekuwa akiyashona kabla ya safari. Alhamisi akashika boksi la mablanketi, zito kama injini, akafungua, akarudisha lebo zote kumi na tisa na kumi na tisa. Mwenyekiti kaambiwa zilichanganyika katika pilikapilika. Hakutaja mtu. Ila kanitumia salamu, anauliza hali ya jino, na anasema viatu vyangu vya kahawia ni vizuri, hata vikichungulia chini ya kiti.

Shule ya kule imefukiwa, vitabu havipo. Sasa wanaiomba ile fizikia. Lori lingine Jumatatu.

Jumapili, 17 Novemba

Nimetafakari. Kosa langu lilikuwa uzito. Safari ijayo nitatia matofali kwenye mablanketi, hatagundua kitu.

Na mtu anayekukamata akanyamaza, anakuandalia nini? Nimeanza kuingiwa na hofu. Shajara hii ikimfikia nimekwisha. Kwa hiyo nikimaliza hapa naifunga kwa karatasi ya kaki, naandika FIZIKIA kwa herufi kubwa, naiweka rafuni. Nani ataigusa?

Mke wangu anapita nyumba kwa nyumba kukusanya vitabu vya lori la kesho. Kaniuliza kama na sisi tunavyo. Nimemwambia aangalie mwenyewe rafuni, mimi nakwenda kujinyoosha kidogo, shavu bado linauma.