Uzinduzi wa Mnara wa Kutazamia Ndege, Msitu wa Kabuhinzi

Hotuba ya Mheshimiwa Byabato Rwehumbiza, Mratibu wa Kanda wa Kutazama Ndege, mbele ya wanakijiji wa Kabuhinzi, Ukerewe, na wageni kumi na mmoja waliovuka kwa kivuko kutoka Mwanza wakiwa na darubini.

Mgeni rasmi, ambaye kwa kuwa hakufika ni mimi. Kaimu mgeni rasmi, ambaye pia ni mimi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Mnara, Kamati ya Ngazi za Mnara na Kamati ya Kivuli cha Mnara. Viongozi wa dini mliotuombea mvua isinyeshe. Wakulima mlioomba inyeshe. Mabibi na mabwana, pamoja na ndege wote mliopo na mlio safarini: itifaki imezingatiwa. (Makofi, meza kuu.)

Ndugu zangu, kabla sijateuliwa, ndege wa kanda hii walikuwa wanaruka kiholela. (Vicheko.) Msicheke. Walikuwa wanaruka bila mpango kazi, bila rodimapu, bila hata ripoti ya robo mwaka. Leo, kwa takwimu nilizokusanya mwenyewe dirishani kwangu pale Nyamagana, Mwanza, ndege wameongezeka kwa asilimia mia tatu na kumi na mbili, akiwemo korongo mmoja wa dampo anayepita saa mbili asubuhi, ambaye tunamhesabu kila siku kwa sababu kiutawala kila siku ni siku mpya. (Makofi, meza kuu.)

Mnara huu una urefu wa mita arobaini, una lifti, na una ukumbi wa mikutano usio na madirisha ili wajumbe wasisumbuliwe na ndege. Utasimama pale kwenye ule mvule mkubwa, ambao utaondolewa kupisha utazamaji.

(Paskazia Machibya, mwongoza wageni wa kijiji, anasimama: "Shikamoo, Mheshimiwa. Mvule huo una ndege hondohondo. Mama kajifungia kwa udongo ndani ya tundu la shina na makinda yake, baba anawalisha kupitia ufa. Mkiukata, wanakufa wote.")

Marahaba, mama. Ofisi yangu ni sikivu. Mkazi huyo tulimwandikia notisi ya siku thelathini ya kuhama, tukaigongomea kwenye shina, pamoja na fomu ya kuridhia katika nakala tatu.

(Sauti kutoka nyuma: "Hajui kusoma!")

Tuliacha nafasi ya dole gumba.

(Sauti: "Hana!" Vicheko virefu.)

Ukucha unakubalika kikanuni! Tatizo ni kwamba fomu husainiwa mbele ya afisa, na mkazi hatoki nje, na mume wake kila akifika anapitisha matunda ndani halafu anaondoka bila kusalimia. Bila fomu, faili haliendi hatua ya pili. Tumekaa vikao kumi na tisa juu ya jambo hilo, vyote vyenye mafanikio makubwa.

(Paskazia: "Kwa hiyo mnaukata lini, baba? Niambie nijue." Mgeni mmoja: "Na sisi huo mnara tunaupandia wapi?")

Maswali mazuri, nimeyapokea, yatafanyiwa upembuzi yakinifu. Ndege juu! (Juu zaidi!) Mnara juu! (Uko wapi?)

Kwa kumalizia, niwashukuru kwa dhati wakandarasi, ambao tutawatafuta. Mafundi, ambao hatujawaajiri. Saruji na nondo, ambazo hazijaagizwa. Na kipekee kabisa ndugu Luhaga, mchoraji wa mabango wa Mkuyuni, kwani mnara mnaouona nyuma yangu ni turubai alilolichora, na ninaomba asiegemee mtu. Mnara haupo, ndugu zangu, haujawahi kuwepo, na hakuna hata msumeno uliovuka kuja kisiwani hapa.

(Paskazia anapiga vigelegele, uwanja mzima unasimama na kushangilia. Wageni wanabeba darubini zao na kumfuata kuelekea kwenye mvule. Meza kuu nayo inafuata.)

Asanteni sana kwa makofi hayo, ndiyo ya kwanza kupigwa na wananchi tangu niteuliwe. Jamani, ngojeni! Nani ana darubini ya ziada? Huyo hondohondo mimi mwenyewe sijawahi kumwona.