Seva Nzima Pamoja na Saa Yake

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Seva ya redio yetu inahamishwa, na mhamishaji ni mimi, Ruffin. Seva ni kompyuta ya kukodi, iko Ulaya, hakuna mtu hapa Panda, mtaani kwetu Likasi, aliyewahi kuiona. Ndani yake mna vipindi vyetu vyote na sauti za wazee wa kambi ya wachimba madini. Wenye mashine wameandika kwamba wataifunga mwisho wa mwezi. Mama Christiane, mkurugenzi wetu, anataka kila kitu kiingie kwenye kompyuta ya ofisini.

Guy, fundi wa sauti, alisema tunakili folda ya sauti tu, basi. Nikamwambia hapana. Seva nzima! Mfumo, mipangilio, nywila, hata saa yake. Nani ajuaye kuna nini mle? Guy alicheka. Anaogopa nitaandikwa "Ingénieur", mhandisi, mlangoni. Nitaandikwa.

Jumanne, 4 Machi

Nilitoa amri: nakili kila kitu, kuanzia mzizi, folda inayobeba zote. Majina ya faili yakamiminika kama mvua ya leo. Raha! Kisha nikakuta, katika folda iitwayo proc, faili moja kubwa kuliko diski zote za Likasi zikiunganishwa. Ndani kuna nini? Siri za urani ya Shinkolobwe? Nikaliacha linakiliwe.

Guy akapita, akasema lile si faili la kweli. Eti ni kumbukumbu ya mashine inayojionyesha kama faili, na ukilinakili hutafika mwisho. Folda ile hurukwa. Wivu mtupu!

Diski ikajaa. Kompyuta ikaganda. Hakuna hata sauti moja iliyofika.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamua kuiruka proc. Wazo langu mwenyewe.

Papa Alphonse alikuja. Huja kumsikiliza marehemu mke wake, Mama Tina, tuliyemrekodi akiimba kwa Tshiluba. Nyumbani hana rekodi yake hata moja. Akauliza: "Sauti ya bibi yangu iko wapi sasa?" Nikamjibu kitaalamu kwamba iko njiani. Akataka kujua: kama iko njiani, kule Ulaya kumebaki nini? Nikaeleza kwamba kunakili si kuhama. Ya kule inabaki kule, ya huku inazaliwa huku. Akaniuliza ipi kati ya hizo ndiyo mke wake.

Swali gani hilo! Nimelifikiria mpaka bukari ikanipoa sahanini.

Alhamisi, 6 Machi

Umeme ulikatika katikati ya kazi. Uliporudi, wazo likanijia. Kuna nyongeza ya amri inayozifanya mashine mbili zilingane kabisa. Kilichozidi upande mmoja kinafutwa. Usafi! Nikaandika, nikabonyeza.

Mwendo wa ajabu! Majina yalipita mbio, kila moja limetanguliwa na neno la kufuta. Nikashangaa: kompyuta mpya imezidi nini hata ifutwe hivyo? Nikasogeza uso karibu na skrini. Nilikuwa nimegeuza pande. Iliyokuwa ikifutwa ni ile ya Ulaya, ili ifanane na nusu yetu!

Nikaona jina la Mama Tina likipita. Nikang'oa waya wa intaneti pamoja na kipande cha ukuta.

Ijumaa, 7 Machi

Guy aliuliza kwa nini vipindi vya zamani havifunguki. Nikasema seva inapumzika. Mama Christiane akaja. "Weye Ruffin, umefanya nini?" Nikaanza kueleza kwa Kifaransa, kirefu. Papa Alphonse alikuwa ameketi mlangoni, sikumwona. Kifaransa changu hakukielewa, lakini uso wangu aliuelewa. Akavua kofia.

"Njo kusema bibi yangu amekufa tena?"

Nikakaa juu ya spika.

Guy hakunigombeza, jambo lililoniudhi sana. Alifungua ukurasa wa wenye mashine, akapekua, akatuita. Kumbe wao huchukua nakala ya kila seva kila Jumapili: mfumo, mipangilio, hata saa. Seva nzima! Nilisema nini Jumatatu? Guy akabonyeza pa kurejesha, nasi wanne tukautazama mstari ukijaa polepole, tukiuombea umeme.

Kisha Mama Tina akaimba. Katikati ya wimbo akakohoa, akacheka, akasema: "Alphonse, funga mlango, kuku wanaingia."

Papa Alphonse alisema wimbo wenyewe anaujua, hata yeye anaweza kuuimba. Huja kusikiliza hapo tu.

Nilitazama dirishani. Vumbi la ukuta bado lilikuwa machoni.

Jumamosi, 8 Machi

Guy amenakili folda ya sauti tu, kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye diski ndogo. Alimaliza kabla chai haijapoa. Papa Alphonse amepewa yake kwenye simu. Ameondoka akiwa ameiweka sikioni. Mama Christiane ameniambia nisiguse kitu chochote chenye waya. Mlangoni wameandika jina la Guy. Wamelikosea herufi. Sikuwaambia.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka misani na swali. Kila mtu anazisifu nakala za Guy. Je, nani amezijaribu? Huwezi kujua kama nakala inarudi mpaka ile ya kwanza ipotee! Jambo hili halikumjia Guy, pamoja na mlango wake wote.

Kesho anakwenda Mulungwishi kwa shemeji yake, na dirisha la ofisi halifungiki vizuri. Nitafuta kidogo tu, folda moja, nione inavyorudi.