Mkaguzi wa Sinema wa Jumuiya

Jumapili, 4 Januari 2026

Nimechaguliwa! Mkaguzi wa Sinema, Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu, Kitengela. Maishani sijawahi kuingia sinema. Hilo hakuna aliyeuliza.

Ilikuwa hivi. Baada ya Misa tulikutana sebuleni kwa mwenyekiti wetu, Mzee Nalianya. Vijana wakaleta ombi. Ile sinema mpya kwenye jumba la maduka itaonyesha filamu mpya tatu kuanzia Ijumaa, na wanataka kwenda pamoja Jumamosi kabla wenzao wa Gredi ya Kumi hawajaenda bweni. Binti yangu Nzisa ni mmoja wao. Jumatatu ya tarehe 12 anaripoti shule huko Rombo, karibu na mpaka. Wazazi wakaguna. Mama Jacinta akasema kwamba kwanza kule ndani ni giza. Hakuongeza neno, na watu wakatikisa vichwa kana kwamba amemaliza. Nalianya akaamua mtu mzima mmoja aende kwanza, aone, alete ripoti.

Nikainamisha kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Nikasema niko tayari kujitoa. Moyoni nilikuwa naruka.

Jirani yangu Ochola naye akajitolea, bila shaka. Ochola anafanya kazi ya ofisi Kajiado na huvaa hiyo ofisi hata Jumapili. Akaeleza kwamba alipokuwa chuo alikuwa akienda sinema kila mwezi. "Hii kitu inataka exposure, my people." Kosa kubwa! Akina mama wakatazamana. Mtu aliyekuwa akikaa gizani kila mwezi? Kura zote zikaja kwangu.

Jumatatu, 5 Januari

Nimegundua tatizo. Nikisema filamu ni nzuri, vijana wataenda na kazi yangu itakuwa imeisha. Ukaguzi wa siku moja! Lakini nikisema ni mbaya, nitatumwa kukagua ya pili. Halafu ya tatu. Na kila Ijumaa wanaleta nyingine mpya. Jumuiya inalipa tiketi. Hii ni kazi ya kudumu mpaka nizeeke!

Kwa hivyo filamu lazima iwe mbaya.

Nimefanya mazoezi ya uso wa kuchukizwa mbele ya kioo cha kabati. Mke wangu Munyiva akapita, akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Jumatano, 7 Januari

Saa ya chakula nimetoroka dukani, kule tunakouza mabati na misumari, nikaenda kuangalia mabango. Moja ni la polisi wawili na gari linaloungua. Moja ni la harusi. La tatu ni mlima. Mlima mzima, na ubavuni mwa mlima kuna jicho. Limefunguka kidogo tu.

Nilisimama pale mpaka saa ya chakula ikaisha. Sikula.

Msichana wa kuuza tiketi anaitwa Naeku. Nikamsalimia kwa Kimaasai ili tuelewane: "Supa!" Akajibu "Ipa" bila kuinua macho. Nikamweleza cheo changu, taratibu, nikimpa nafasi ya kunipa tiketi ya bure na labda kiti cha wageni wa heshima. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mkaguzi pia hulipa, mzee wangu."

Alhamisi, 8 Januari

Nimemwambia Munguti, mwenye duka, kwamba jino linaniua na kesho mchana naenda kuling'oa. Amenihurumia sana. Amenionyesha pengo lake mwenyewe. Nilihisi aibu mpaka nilipofika nyumbani.

Nzisa ameshonewa gauni la manjano la kuvaa Jumamosi. Anatembea nalo ndani ya nyumba akisema anazoea. Akaniuliza kama ni kweli picha huwa kubwa kuliko nyumba. Nikamwambia mkaguzi hawezi kutoa habari kabla ya ukaguzi.

Ijumaa, 9 Januari

Sijui nianzie wapi.

Zulia! Zulia mpaka ukutani. Nikavua kofia. Karibu nivue na viatu. Viti vimepangwa kushuka ngazi kwa ngazi kama matuta ya mashamba ya kwetu Mbooni. Taa zikazimwa. Wimbo wa taifa ukaanza, sote tukasimama. Nimeuimba huo wimbo tangu shule ya msingi, lakini sijawahi kuona bendera kubwa kuliko nyumba yangu ikipepea mbele ya uso wangu. Machozi yakanitoka. Wimbo ukaisha, watu wakakaa, mimi nikabaki nimesimama mpaka mtu wa nyuma akaniomba kwa heshima: "Mzee, si ukae kidogo, hatuoni."

Halafu mlima. Ee Mungu wangu!

Kuna msichana anachunga mbuzi katika nchi kavu. Mito imekauka. Mbuzi mmoja anapotea, msichana anamfuata mpaka ndani ya pango. Pango si pango. Ni sikio! Mlima ni mnyama, mzee kuliko watu wote, amelala tangu zamani. Msichana anamwambia humo sikioni, kwa sauti ndogo kabisa, kwamba watu wana kiu. Na mlima unasimama. Polepole. Miti inateleza kutoka mgongoni. Ndege wa nchi nzima wanaruka kwa pamoja. Ile sauti haikupitia masikioni, iliingia moja kwa moja kifuani. Nilishika mkono wa mama nisiyemjua. Naye akashika wangu.

Nilipotoka, popcorn zangu zilikuwa zimejaa vilevile. Sikuwa nimekula hata moja. Nje kulikuwa na jua la kawaida, bodaboda za kawaida. Nikatazama upande wa Ngong. Vilima vilikuwa palepale, vya buluu. Nikasimama kando ya barabara nikavingojea.

Jioni, ripoti kwa jumuiya, sebuleni kwa Nalianya. Nilivaa tai. Nikavaa na ule uso wa kioo. Nikasema, kwa huzuni, kwamba filamu ile haifai. Wakaniuliza ina nini. Hapo sikuwa nimejiandaa! Nikasema ina mambo. Mambo gani? Mambo ambayo siwezi kuyataja mbele ya akina mama. Akina mama wote wakasogeza viti karibu.

Nikashikilia hapohapo. Nalianya akapumua kwa nguvu, akasema basi, safari ya vijana imefutwa, na Ijumaa ijayo Bwana Masila, yaani mimi, akakague ile ya polisi. Ijumaa ijayo! Nimeshinda! Ochola alikuwa ananitazama tu, kidole shavuni. Sikuipenda hiyo.

Nyumbani nikamwambia Nzisa. Akasema, "Sawa, Baba." Akalivua gauni la manjano, akalikunja, akaliweka chini kabisa kwenye sanduku la bweni, chini ya shuka na sabuni. Hakulia. Afadhali angelia.

Nilihisi vibaya sana. Halafu nikakumbuka ile ya polisi, nikahisi vizuri kidogo. Halafu vibaya tena.

Jumamosi, 10 Januari

Siku nzima dukani na pamba shavuni, kwa sababu ya jino. Munguti alitaka kuona pengo. Nikakataa kufungua mdomo. Mteja alitaka misumari ya inchi tatu, nikamjibu kwa vidole, akapewa kilo tatu.

Jioni, balaa. Munyiva alikuwa akipika, Nzisa akipiga pasi sare. Munyiva akauliza, hivi hivi tu, hiyo filamu ilihusu nini. Nikatoa pamba. Nikasema mlima. Nilikusudia kuishia hapo!

Nikasema na sikio. Nikachukua karai kuonyesha pango. Nikapanda kiti kuonyesha jinsi ulivyosimama, polepole, bega moja kwanza. Nikapiga sauti ya kifuani. Sufuria ikaanza kuungua na Munyiva hakuiona. Nzisa alikuwa amekaa sakafuni, pasi mkononi, mdomo wazi. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho.

Nzisa akauliza taratibu, "Baba, sasa mbaya iko wapi?"

Nikasema ubaya upo, ila mtoto hawezi kuuona. Munyiva akaninyooshea mwiko. "Wewe Baba Nzisa, wewe." Akaondoa sufuria motoni. Akasema kesho kanisani nitengeneze hayo maneno, au atasimama ayatengeneze yeye.

Nina mpango. Nitasema kwamba nimesali usiku kucha na nimeona jumuiya yetu ina imani ya kutosha kustahimili filamu ile, lakini ile ya polisi, hiyo hapana, hiyo lazima ikaguliwe. Nzisa aende, na mimi nibaki na Ijumaa yangu. Naona hapo sijamdhulumu mtu.

Jumapili, 11 Januari

Ochola! Nyoka wa Kajiado!

Baada ya Misa tukakusanyika kwenye benchi za uani. Kabla sijafungua mdomo, Ochola akasimama. Akatangaza kwamba jana alikwenda kuiona filamu mwenyewe, kwa tiketi yake, na haina ubaya wowote. Watu wakanigeukia. Nikahisi shati limenibana shingoni. Nalianya akamwambia Ochola aieleze, ili wazazi wahukumu wenyewe.

Ochola akaieleza. Jamani! Akaanza na mwongozaji wa filamu. Akaja kwenye "theme". Akasema mlima si mlima, mlima ni maendeleo. Akasema "in conclusion" na bado akaendelea. Watoto wakaanza kupiga mateke kokoto. Mama Jacinta akafungua mkoba akatafuta funguo zake. Hakuna mzazi hata mmoja aliyetaka mtoto wake akaone kitu kama hicho. Ningekaa kimya tu! Kimya! Safari ingekufa mikononi mwa Ochola, na mimi ningebaki mkaguzi.

Lakini akaruka sikio.

Akasema, "then the girl communicates with the mountain," akapita. Akapita hivyo hivyo! Nikamtazama Nzisa, amesimama na waimbaji. Alikuwa amefumba macho, kama mtu anayesikia kitu chake kikivunjwa.

Sijui nilipandaje juu ya benchi. Nikamwambia Ochola aketi. Nikawaambia wote kuhusu mbuzi aliyepotea, na pango, na jinsi ukuta wa pango ulivyokuwa na joto, na ile sauti ndogo ikisema watu wana kiu. Nikausimamisha mlima pale uani. Watoto wakaacha kokoto. Mzee Nalianya akavua miwani. Niliposema ndege wote wakaruka, watu wakatazama juu.

Nikamaliza. Nikabaki juu ya benchi.

Nalianya akafuta miwani kwa shati, akauliza yale mambo yasiyotajika mbele ya akina mama ni yapi. Nzisa alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Hakuna, Mzee. Nilitaka tu kutumwa tena."

Nilidhani watanishusha kwa mawe. Mama Jacinta akauliza inaanza saa ngapi.

Tukaenda jumuiya nzima. Vijana, wazazi, waimbaji, hata wale wa jumuiya jirani waliosikia kupitia ua. Nzisa alikimbia nyumbani, akatoa gauni chini ya sabuni, akalivaa na mikunjo yake. Kwenye dirisha Naeku akaniuliza kama ni mimi niliyewaleta hawa wote. Nikajivuna. Akasema basi kiti kimebaki kimoja. Nikageuka kutafuta pochi. Nilipogeuka tena, Ochola alikuwa na tiketi mkononi.

Nikabaki nje, kwenye ukumbi wa kungojea. Nikaegemeza kiganja ukutani. Na wakati wake ulipofika, ukuta ukatetemeka. Nikaujua. Nikasema peke yangu, "Unasimama," na mfagiaji akanitazama akaenda kufagia kwingine.

Nzisa akatoka wa mwisho. Akanishika mkono, jambo ambalo hajafanya tangu akiwa mdogo, tukatembea hivyo mpaka karibu na nyumbani. Ndipo akaniambia nimesahau sehemu moja. Mlima ulipokuwa ukitembea kati ya vijiji, akasema, ulikuwa ukichagua pa kukanyaga, usivunje nyumba ya mtu.

Niliona hayo yote kwa macho yangu na sikuyaona. Mtoto wangu huyu!

Cheo cha Mkaguzi kimefutwa kwa kauli moja.

Jumatatu, 12 Januari

Nimempeleka Nzisa Rombo. Kilimanjaro imesimama nyuma kabisa ya bweni lake, theluji na yote, wala hailipishi. Tuliitazama mimi na yeye mpaka mlinzi wa lango akatuuliza kama tumepotea.

Kabla ya kuingia akaniambia, "Baba, usidanganye watu tena juu ya sinema. Uniahidi." Nikaahidi. Nikainua mkono kabisa, mbele ya mlinzi. Akaniamini, akaburuta sanduku lake akaingia, na nikalia njia yote kurudi.

Jumanne, 13 Januari

Bango jipya! Filamu za Ijumaa zimefika. Moja ina padri. Padri, amevaa kanzu yake yote, amesimama juu ya paa la treni inayokimbia, na nyuma yake bahari nzima imeinuka. Nilisimama pale mpaka Naeku akatoka na kunipa kiti.

Nimewaza. Paroko wetu hana habari kwamba padri anaonyeshwa juu ya treni. Je, ni padri mwema? Je, anaanguka? Haifai Paroko akasikie kwa watu. Mtu mmoja mkomavu anapaswa kwenda kwanza, kwa gharama ya parokia, akajue.

Ahadi ni ahadi. Sitadanganya hata neno moja. Nitakwenda kwa Paroko kesho na tai yangu, nitavaa ule uso wa kioo, na nitamuuliza tu kama amesikia.