Fimbo za Winchi Yenu Zimefungwa Kinyume

Mfunga Minyororo,
Uwanja wa Chini, Winchi Namba Mbili.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mitambo,
Yadi ya Vyuma.

KUH: OMBI LA KUGEUZA FIMBO ZA WINCHI ZOTE ILI ZIFUATE GEMU

Mheshimiwa Mkuu,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, kwenye kile kiti chako kinachozunguka. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio una michubuko, na aliyeuchubua ni winchi yako.

Kwa faida ya msaidizi wako, ambaye ataisoma barua hii kabla yako na kuicheka, naanza mwanzo kabisa. Mimi ni mfunga minyororo. Kazi yangu ni kusimama chini, kuufunga mzigo, kisha kumpigia dereva wa winchi ishara za mikono: pandisha, shusha, kulia, kushoto, acha. Nimeifanya mpaka shingo imezoea kutazama juu hata nikiwa mezani nakula. Wenzangu niliofunga nao minyororo, mmoja baada ya mwingine, walipanda ngazi wakaenda kukaa kwenye kile kibanda cha vioo, na mimi nikabaki chini nawapungia kama mtu anayesindikiza wageni. Nakitaka kile kiti, Mheshimiwa. Katika yadi hii sijawahi kutaka kitu kingine.

Mlipotangaza mtihani wa udereva wa winchi, nilijiandaa. Ninyi mlitoa somo la ubaoni, na picha ya winchi iliyochorwa na mtu ambaye nadhani alisimuliwa tu. Kuhusu mikono mkasema tutaizoesha siku hiyo hiyo. Mimi sikungoja. Nyumbani tuna mashine ya gemu ya zamani, ile ambayo haiwaki mpaka uipige kofi la ubavu, na ndani yake mna gemu ya roboti. Unakaa kwenye kibanda kilichomo kifuani mwa roboti, fimbo mbili mkononi, vioo na taa mbele yako, na chini yako tani za chuma. Niambie tofauti yake na winchi. Nikawa nacheza kila nikitoka kazini. Mke wangu ni shahidi, ingawa amekataa kutia saini.

Matokeo unayajua. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Fimbo zenu zinakwenda kinyume. Kwenye gemu, ukisukuma fimbo mbele, mkono wa roboti unapanda, ukivuta, unashuka. Hata mtoto mchanga anaelewa. Kwenye winchi yenu, ukivuta ndiyo mzigo unapanda na ukisukuma ndiyo unashuka. Aliyebuni hivyo alikuwa na ugomvi na nani? Siku ya mtihani nilianza vizuri tu. Nilivuta, lile tangi la maji tulilopewa likaondoka chini, watu wakapiga makofi. Lilipokaribia rundo la mabomba, Mkaguzi wa mtihani akapaza sauti, "Pandisha! Pandisha, baba, pandisha!" Kichwa changu kilijua la kufanya. Mikono haikujua. Mikono ilisukuma, kama ilivyolelewa, na tangi likaenda kutua juu ya meza ya Mkaguzi, juu ya miwani yake, helmeti yake na chupa yake ya chai. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa Mkaguzi, ambaye siku zote hutembea kama amebeba mayai, alitoka mbio ambazo mpaka leo wanayadi wanazisimulia. Maji yalifika ofisi ya mhasibu.

Najua mtaniambia mchagua jembe si mkulima. Sawa. Lakini jembe lenye makali upande wa mpini halina mkulima, lina majeruhi.

2. Mtihani wenu hauna roho ya pili. Gemu ya roboti, pamoja na uzee wake, ina adabu. Ukianguka, kioo kinakuwa chekundu, kengele inalia, halafu unaulizwa kwa upole kama ungependa kuendelea. Roho unazo tatu, na ukiwa mtafutaji utaokota nyingine njiani. Mkaguzi wenu hakuniuliza kama ningependa kuendelea. Alichosema ni, "Shuka. Taratibu. Usiguse kitu kingine."

3. Nimesikia maneno kwamba kosa ni langu, nilichagua gemu mbaya. Anayeyaeneza ni mtunza stoo, mtu ambaye ukimwomba spana anakuletea ufagio. Anadai ningecheza zile za mapigano, eti zinachangamsha vidole. Nimezicheza zote, Mheshimiwa, na kwa kuwa jambo limefika ofisini naomba nitoe maoni yangu yaingie kwenye faili.

Kuna ile ya bwana wa mapanga anayerukaruka juu ya mapaa. Maadui wanamzunguka kundi zima, lakini wanangoja zamu kama wako kwenye foleni ya bomba la maji: mmoja anapiga, waliobaki wanachezesha miguu. Na kila vita vikianza, kamera inakwenda kujificha nyuma ya ukuta. Kuna ile ya askari na funguo zake. Mlango mwekundu unataka ufunguo mwekundu, wa bluu unataka wa bluu, na askari mwenyewe amebeba mgongoni kombora la kuangusha ghorofa lakini mlango wa mbao umemshinda. Kuna ile ya dada anayepiga mateke hewani. Hiyo vitufe vyote vinafanya kazi moja. Mke wangu aliwahi kuishinda huku anakunja nguo, padi, kile kidude cha fimbo na vitufe, ikiwa pajani na macho yakiwa kwenye mashuka. Huo ndio ufundi anaousifia mtunza stoo.

Wala gemu ya roboti sijaifumbia macho. Inageuka kama kabati linalohamishwa na ndugu wawili wasioelewana. Mji mzima umejaa ukungu, na si baridi hiyo, ni kwamba wachoraji walichoka kuchora nyumba wakaona bora moshi. Redioni kuna mkuu wa kikosi ambaye kazi yake ni kukuambia "Kuwa mwangalifu" baada ya kupigwa (hapo niliikumbuka ofisi yako). Na roboti ikifyatua sana inapata joto, inasimama katikati ya vita na kuhema. Ndiyo maana pale nyumbani tunaiita Shangazi: nzito, haipendi kuharakishwa, na ikishakasirika lazima ipumzike. Lakini ina uzito wake. Ikikanyaga unasikia imekanyaga. Hizi gemu mpya za siku hizi zinakushika mkono mpaka mlango wa choo, mshale huku, mshale kule, ukikosea unapongezwa kwa kujaribu. Mtu aliyelelewa na hizo mpe winchi, kisha usimame mbali.

4. Huyu mliyemfaulisha. Aliyepata alama za juu kuliko wote ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mpaka rangi wa mabomba, ambaye anaishi kwangu na kulala chumba kile kile chenye mashine ya gemu. Simwonei wivu, nasema ukweli tu. Kwenye gemu ya roboti huyu shemeji ni janga. Nikimpa padi, Shangazi anagonga kuta, anapiga risasi mawingu, anaishia mtoni. Namwambia, "Shemeji, sukuma! Sukuma!" Yeye anavuta. Halafu anacheka, ananirudishia padi kwa mikono miwili, anasema, "Chukua shemeji, wewe ndiye fundi."

Sasa pima mwenyewe. Mtu ambaye chuma kimemshinda kabisa ndiye mliyemkabidhi chuma. Na sababu iko wazi: hana kipaji cha kuharibiwa. Mikono yake ilikuja mitupu, ikaandikwa mlichotaka. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikwisha kukunjwa, tena na gemu ngumu, na ninyi mnaniadhibu kwa kukunjika vizuri kuliko wengine.

Aliposhuka kwenye ngazi wapaka rangi wenzake walimbeba juu juu. Nami nilipiga makofi. Iliniuma, Mheshimiwa, sitakuficha. Nilipiga makofi huku nimeloa maji ya tangi mpaka soksi, na jioni nilipoitwa kula nilisema nimeshiba.

5. Wengi wape. Waliokulia na padi mkononi ni wengi kuliko waliokulia na winchi. Mimi nimeingia nyumba nyingi na sijaona hata moja yenye winchi sebuleni. Iweje basi umma wote uifunze upya mikono yake kwa ajili ya mashine chache zilizosimama uwanjani? Kugeuza fimbo ni kazi ya fundi mmoja na spana moja. Kunigeuza mimi ni kazi kubwa, mke wangu ameijaribu tangu tuoane.

Wala isiishie kwenye winchi. Mlango wa ofisi yako umeandikwa VUTA. Kila mwenye mikono iliyofundwa anausukuma, anagonga paji la uso, na msaidizi wako anacheka. Bomba la chooni nalo linafunguka upande usiofaa. Yadi nzima imejengwa na watu wasiowahi kushika padi, na inaonekana.

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima na taadhima:

Kwanza, fimbo za Winchi Namba Mbili, na hatimaye winchi zote, zigeuzwe ili mbele iwe juu. Pili, kibanda kiwekwe kengele na taa nyekundu, na kama bajeti inaruhusu, muziki wa kutisha mzigo unapokaribia meza ya mtu. Tatu, nipewe mtihani mpya wenye roho tatu. Nne, cheti cha shemeji kisimamishwe mpaka aivushe roboti daraja la mto mbele ya mashahidi. Tano, Mkaguzi mwenyewe, kabla hajamkagua mtu mwingine, aimalize gemu ya roboti mpaka bosi wa mwisho, yule mwenye mabawa ya chuma, ambaye hata mimi sijampita, wala simjui aliyempita.

Sitaki kusema mengi. Nitakuwa nimekuchosha, na najua una mitambo mingi ya kusimamia, mingine ikiwa imefungwa sawasawa.

Msalimie msaidizi wako, akimaliza kucheka. Msalimie mhasibu, natumaini makaratasi yamekauka. Mfikishie Mkaguzi pole yangu kwa ajili ya miwani, na pongezi za dhati kwa mbio zile. Wasalimie madereva wote wa winchi, waambie mkono wangu bado uko hewani kama kawaida. Mtunza stoo usimsalimie.

Mimi ninayekutazama kutoka chini,
Mfunga Minyororo.

Nyongeza:

Barua hii niliiandika nakala mbili. Ya kwanza msaidizi wako aliipokea jana. Hii ya pili niliiacha mezani nyumbani, shemeji akaisoma. Nilidhani atalia au atanikasirikia. Alikuja akaketi pembeni yangu, akainamisha kichwa, akasema, "Shemeji, unisamehe. Kwenye gemu kuna ukurasa wa mipangilio. Fimbo zinageuzwa. Mimi ukiwa hujarudi nazigeuza ziende kama za winchi, nafanya mazoezi yangu. Nikisikia unavua viatu mlangoni nazirudisha ulivyozoea."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mashine ni yangu, mkubwa ni mimi, na kila siku nilikuwa nampigia kelele asukume. Angeanzaje kunifundisha mume wa dada yake? Hata ule mto alikuwa anauingia kwa sababu mikono yake ilishazoea kuvuta, na kwa sababu nikimwokoa nilikuwa nafurahi. Nikamuuliza amefika wapi. Mke wangu ndiye aliyejibu, "Yule wa mabawa alimpita zamani, mume wangu. Tulishangilia kimya kimya."

Nimegeuza fimbo kama alivyonionyesha, nikajaribu. Shangazi aliingia mtoni hata kabla ya kuliona daraja. Shemeji alikaa nami tukarudia, ananiambia, "Vuta, shemeji, vuta pole pole," na hakucheka. Cheti chake naomba usikisimamishe. Ni halali yake.

Ila lililonifanya nije mbio na nakala hii ni jingine. Leo zamu zimebandikwa ukutani. Kuanzia kesho asubuhi dereva wa Winchi Namba Mbili ni shemeji, na mfunga minyororo wake wa chini ni mimi. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi langu la kwanza nalifuta kabisa. Kama fundi ameshapanda huko juu na spana yake, nakusihi aitwe ashuke, na fimbo azirudishe kama alivyozikuta.