Hotuba ya Kuwaaga Viziwi Arobaini na Watatu wa Namirrôa

Mheshimiwa Msaidizi wa Gavana, ambaye angekuwepo hapa kama angekuja, mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye naye amemtuma mwakilishi, mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi, ambaye gari lake limekwama mtoni na ambaye kiti chake ni kile chenye kitambaa cheupe, naomba mbuzi yule aondolewe, mheshimiwa chifu wa Namirrôa na mke mkubwa wa chifu, baba padri, shehe wetu, ndugu mkuu wa shule, walimu wangu, nasema wangu kwa kuwa barua zenu za ajira nilizisaini mimi, wazazi wenyeji wa hapa, wazazi mliohamia kutoka pwani ya kaskazini kwa sababu ya vita, wanafunzi wapendwa, na ninyi wanafunzi viziwi arobaini na watatu mlioketi mstari wa mbele, ambao najua fika kwamba hamnisikii, lakini itifaki hainiruhusu kuwaruka: hamjambo!

(Mama Zaquia, mpishi wa shule aliyeombwa kutafsiri, anasema neno hilo kwa Kimakua cha wenyeji, kisha kwa Kimwani cha watu wa pwani ya kaskazini. Mstari wa mbele wote: "Hatujambo!")

Nashukuru kwa makofi hayo. Mimi ni Honorato Felizardo Muacoveia, Mkurugenzi wa Elimu wa Wilaya ya Nacuáli, mwenye shahada tatu, mojawapo ikiwa bado njiani, na leo nitawahutubia kwa Kireno tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nimekuja kuzindua Programu Jumuishi ya Kimkakati ya Kukuza Lugha za Mama, na jambo zito namna hiyo haliwezi kuzungumzwa kienyeji.

(Mama Zaquia: "Anasema lugha zetu ni muhimu, ndiyo maana hazitumii." Vicheko. Mkurugenzi anainamisha kichwa kupokea shangwe.)

Ndugu wananchi, Programu hii haikudondoka kutoka mawinguni, bali imetokana na utafiti wa kina uliofanywa mwezi wa pili na ofisi yangu, kupitia kwa msaidizi wangu Bwana Germano, ambaye alisimama kwenye mlango wa shule hii kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili kasorobo, akamuuliza kila mwanafunzi, kwa Kireno fasaha, swali moja la kitaalamu lisemalo, "Nini mtazamo wako kuhusu mustakabali wa elimu ya awali?", na kwa kuwa fomu ilikuwa na visanduku vitatu tu, waliojibu chochote aliwaandika "mahiri", waliotikisa kichwa kukubali aliwaandika "mahiri sana", na waliobaki wakimkodolea macho aliwaandika "viziwi". Ndiyo takwimu tuliyo nayo, na takwimu haina shemeji. Viziwi arobaini na watatu katika shule moja! Wilaya jirani hawana hata watano! (Makofi kutoka meza kuu.) Na jambo la kushangaza kisayansi ni kwamba wote arobaini na watatu ni watoto wa familia zilizotoka kaskazini, jambo ambalo Bwana Germano amelieleza katika ukurasa wa tisa kuwa limesababishwa na upepo wa bahari.

(Sauti ya mama mmoja katikati: "Upepo wa bahari gani? Mtoto hajui Kireno, basi!" Mwingine: "Nyamaza, wewe, atakuandika na wewe kiziwi!")

Naomba utulivu. Sasa, uongozi ni kupokea changamoto, na mimi nimezipokea, kwa maana nilipokea barua tatu za Mwalimu Alzira Namuhito, mwalimu wa darasa la pili, yule pale aliyekunja mikono. Katika barua ya kwanza alidai kwamba watoto hawa si viziwi, wanasema Kimwani nyumbani na hawajawahi kufundishwa lugha nyingine. Nilimjibu siku hiyohiyo, baada ya wiki tano, kwamba mtoto anayepinga ukiziwi wake ajaze fomu ya rufaa yeye mwenyewe, kwa Kireno, nakala tatu. Katika barua ya pili alisema amemwomba mpishi, Mama Zaquia, ambaye alizaliwa pwani, akaolewa huku kwa Wamakua na kufanya kazi miaka kumi nyumbani kwa Mreno mmoja, asimame naye darasani kila asubuhi awafafanulie watoto masomo. Nikamjibu kwamba kanuni zetu haziruhusu mpishi kuingia darasani. Na nilijisifu sana kwa uamuzi ule. Ila kanuni hizohizo, nimegundua baadaye, hazimkatazi mwalimu kuingia jikoni.

(Vicheko. Mwalimu Alzira anaangalia chini.)

Ndiyo! Alilihamisha darasa lote jikoni! Watoto sabini, wenyeji na wageni, wamekaa kwenye magunia ya mihogo, ubao umeegemezwa kwenye pipa la maji, mwalimu anaandika neno kwa Kireno, mpishi anageuka na mwiko mkononi analisema kwa Kimakua na kwa Kimwani, na watoto wanaitikia kwa lugha zote tatu kabla karakata, ugali wetu wa muhogo, haijaiva. Na katika barua ya tatu, hii hapa, ambayo sikuisoma mapema kwa kuwa haikuwa na mhuri, mwalimu anaandika hivi, nanukuu: "Anchia, mtoto wa darasa la pili, alikaa nami miezi mitatu bila kutoa sauti. Nilikuwa nikimtazama nikidhani vita vimemmaliza. Siku ya nne jikoni, Mama Zaquia aliuliza kwa Kimwani ni nani kamwaga chumvi. Anchia akaruka juu akasema, 'Si mimi, ni Daude!' Mheshimiwa, nilitoka nje nikalia. Nakuomba usiwapeleke mjini. Wametoka kuhamishwa mara moja, usiwahamishe tena." Mwisho wa kunukuu.

(Mama Zaquia anatafsiri barua yote, taratibu, neno kwa neno. Akina mama wa kaskazini wanajifuta macho kwa pembe za vitenge vyao vya kapulana.)

Ni barua yenye hisia, na serikali haipingi hisia, ila hisia hazina kisanduku katika fomu. Kwa hiyo, pasipo kupoteza muda, nawaelekeza mtazame kushoto kwangu, kwenye lori lile lililooshwa jana, ambalo saa nane kamili litawachukua wanafunzi hawa hadi shule ya viziwi ya mjini Nampula, mwendo wa siku nzima, ambako vitanda arobaini na vitatu vimeshatandikwa, na wazazi wataruhusiwa kuwatembelea kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na naomba tuwapungie mikono kwa...

(Mtoto wa kike amesimama mstari wa mbele. Ni Anchia. Anasema kwa Kireno, polepole: "Bwana Mkurugenzi, mimi nasikia.")

Kaa chini, mwanangu, kiziwi haruhusiwi kukatiza hotuba.

(Vicheko vikubwa. Anchia bado amesimama. "Nasikia. Na huyu anasikia. Na Daude anasikia, ila ni mkorofi." Wanasimama wote, mmoja baada ya mwingine. Mama Zaquia: "Muulize chochote, baba. Usiogope, hang'ati.")

Eti... haya. Kwa madhumuni ya uhakiki. Mtoto, nini mtazamo wako kuhusu mustakabali wa elimu ya awali?

(Anchia anamgeukia Mama Zaquia, wananong'ona. Kisha kwa Kireno: "Mimi nataka kubaki na mama yangu.")

Hm. Jibu limekuja. Ni fupi, lakini lina kiima na kiarifu. Ndugu wananchi! Naomba vyombo vyote vya habari, yaani Bwana Germano na kamera yake, viandike kwamba leo, mbele ya macho yenu, na ndani ya dakika ishirini na tano tu za hotuba yangu, viziwi arobaini na watatu wamepona! Asilimia mia moja! Hakuna wilaya iliyowahi kuponya kwa kasi hii! Programu imefaulu kabla haijaanza!

(Vigelegele vya kweli. Akina mama wanakimbilia mstari wa mbele kuchukua watoto wao. Dereva wa lori anapaza sauti: "Mheshimiwa, mimi nimesainiwa safari. Nikirudi tupu nitaulizwa!")

Dereva, subiri, nalifikiria suala lako kwa upana wake. Wakati nalifikiria, niendelee na zawadi ya mwanafunzi bora wa Kireno, kijana aliyepata "mahiri sana" katika utafiti, ambaye kwa mujibu wa Bwana Germano alikubaliana na kila hoja: Ossufo, wa darasa la tatu, aje apokee kamusi yake. Ossufo! Ossufo, njoo mwanangu!

(Hakuna anayekuja. Mwanamke wa makamo anasimama, amemshika mkono mvulana anayetabasamu. "Mimi ni mama yake, naitwa Muanema. Bwana mkubwa, ukimwita hadi kesho hatakuja. Huyu ndiye hasikii. Tangu ile homa ya utotoni. Nimekuja ofisini kwako mara nne, mara nne baba, wakaniambia rudi nyumbani mama, karatasi inasema mahiri sana.")

Mama Muanema, karatasi haiwezi...

(Mwalimu Alzira anatembea hadi nyuma ya mvulana na kupiga sufuria kwa mwiko, kwa nguvu. Mbuzi anakimbia. Mvulana hageuki, anaendelea kumtabasamia Mkurugenzi na kutikisa kichwa kukubali.)

...

(Mkurugenzi anafunua kurasa, anarudi nyuma, anafunua tena.)

Ukurasa wa jambo hili sinao. Ndugu zangu, sinao. Naomba maji.

(Anakunywa.)

Dereva. Njoo, inama nisainie mgongoni. Abiria: Ossufo. Sababu ya safari: kufundishwa lugha ya ishara, ambayo, kama nilivyokusudia kusema tangu mwanzo, ni lugha kamili kati ya lugha zetu. Haya. Bado nini tena, mama?

(Muanema: "Atalala na nani huko? Ana miaka minane. Na mimi hiyo lugha ya mikono siijui, akirudi nitazungumza naye vipi?" Anaanza kulia, anaficha uso ili mwanawe asione.)

Fomu inasema mtu mmoja, kitanda kimoja. Lakini vitanda vipo arobaini na vitatu, mama. Chagua chochote. Kaa naye mpaka mikono yako na yake isikilizane, na anayeuliza mwambie ni agizo langu.

(Mama Zaquia hatafsiri. Anamshika Muanema bega, wanakwenda pamoja hadi mlango wa lori, anampa kifurushi cha karakata na samaki mkavu. Ossufo anaketi mbele, kati ya mama yake na dereva, anatikisa kichwa kukubali kila kitu. Lori linaondoka. Watu wanapunga mikono.)

Na sasa tuhitimishe kwa kaulimbiu, kwa sauti ya juu, nikisema "Programu!" ninyi mseme "Ipo!" Programu!

(Umati: "Ipo wapi?")

Hapana, "Ipo" tu. Programu!

(Umati, kwa furaha zaidi: "Ipo wapi?")

Vizuri sana. Kwa kumalizia, namshukuru mheshimiwa aliyekwama mtoni, ambaye nimeambiwa ameogelea na kurudi kwao. Nawashukuru vijana sita walioshikilia nyuma yangu tangu asubuhi shuka lililochorwa jengo la Kituo cha Lugha, sasa mnaweza kulishusha, picha zimeshapigwa. Nawashukuru mafundi ambao hatukuwaajiri, wachapaji wa vitabu ambavyo havikuandikwa, na walimu thelathini wa lugha ambao majina yao bado tunayatunga. Na kwa kuwa wageni wa wizara watafika Jumanne kuikagua Programu yenyewe, na mimi nitakuwa na homa siku hiyo, nakushukuru wewe Mwalimu Alzira, na wewe Mama Zaquia, na wageni hao wakiuliza Programu iko wapi, naomba kwa unyenyekevu mkubwa waonyeshwe jikoni. Asanteni sana.

(Mama Zaquia: "Waje, ila waje na kuni.")